Nywele za Alimasi

Simu ilitetemeka ndani ya kapu la vitenge.

Inamahoro aliitoa polepole. Ilikuwa Thuraya, ile simu inayoongea na mbingu. Boti ilikuwa inaingia bandari ya Baraka, watu wanasukumana na mizigo yao, kuku wanalia. Hakuna aliyemtazama.

"Ndagala," sauti ilisema.

"Ndiyo, Mukeke."

"Ng'ombe amefika Baraka. Atavuka siku ya Idi."

"Nani anamchunga?"

"Hatujui. Ukale sikukuu pamoja na watu wa pale. Utamjua."

Simu ikakatika.

Ndagala ni samaki mdogo, mukeke ni mkubwa, wote wa ziwa hili. Ndivyo wapelelezi wa Ofisi ya Ziwa walivyoitana, ili sikio la mwizi lisikie habari za samaki tu. Mukeke alikuwa Claver, mkubwa wake, aliyekaa ng'ambo mbele ya ramani. Na ng'ombe ilikuwa dhahabu ya Lulimba. Kuna mtu aliikusanya mashimoni akaivusha ziwa. Huko ng'ambo dhahabu ikageuka risasi. Risasi zikarudi, zikapanda mpaka Kilembwe, zikaingia katika nyumba za watu wanaolima mihogo.

Dhahabu inatoka, vifo vinaingia.

Basi, hiyo ndiyo kazi iliyomleta.

Kwa watu wa Baraka alikuwa Mwamini, muuza vitenge wa Kigoma, Mwislamu aliyekwama safarini na sikukuu imekaribia. Chini ya vitenge kulikuwa na bastola Glock, pingu, darubini ndogo, na kidude cha kufuatilia mizigo, kidogo kama kifungo cha shati.

Ila jambo moja halikuwa ndani ya kapu. Inamahoro alikuwa Mkristo wa Burundi. Maisha yake yote hakuwahi kula Idi hata moja.

*

Alipanga chumba kwa Mama Wabiwa, mjane mzee mwenye sauti ya chini. Jioni ile ile mama alimletea birika la maji, watawadhe wakasali.

Inamahoro akaanza kunawa miguu.

Mama Wabiwa alimwangalia. Alichukua birika, akamimina maji juu ya viganja vya mgeni.

"Anza na mikono, mutoto wangu," alisema. "Maji inajua njia."

Wakasali.

Nje, chini ya taa ya sola, kijana alikuwa anamfunga mbuzi kwenye mti wa mpera. Mrefu, mabega ya mtu wa majini, na nywele nyingi zimesimama kama kichaka.

"Huyu njo Alimasi," mama alisema. "Mutoto yangu. Ziwa ilikula bwana yangu na batoto babili banaume. Nabaki na dada yake Chérie, yeye iko kwa bwana yake, kule Nundu. Na huyu hapa."

Alimasi alicheka. "Karibu, dada. Usiogope kichwa yangu."

"Nani asiogope?" mama alisema. "Ndege bataanza kutaga mayayi mule."

"Baache batage, mama. Tutakaanga."

Inamahoro naye alicheka. Kisha akauliza kama mtu asiyejua. "Kwa nini hunyoi, na Idi ni kesho?"

Mama Wabiwa alimwangalia tena, macho ya taratibu. Mwislamu wa Kigoma asingeuliza swali lile.

Lakini alimjibu kwa upole.

"Mwenye anataka kuchinja, tangu mwezi inaonekana, hakate nywele, hakate kucha. Anangojea mpaka damu ya nyama imwangike. Kisha njo anyowe."

"Ni mara yangu ya kwanza," Alimasi alisema. Alimpapasa mbuzi mgongoni. "Nilimununua na jasho yangu. Ni ya kumuombea papa yangu, mwenye ziwa ilikula."

"Unafanya kazi gani?"

"Naendesha boti ya Haji Mansuri. Muntu muzuri, dada! Ametoka mbali, ametupa ngombe ya bamasikini. Anaomba ngozi tu, eti bamutengenezee bikalio bya madrasa kule ng'ambo. Kesho muchana njo tunavuka."

Siku ya Idi. Ng'ambo.

Inamahoro aliendelea kutabasamu.

*

Idi ilikucha na ukungu juu ya ziwa.

Mama Wabiwa alimfunga mgeni wake kilemba chake mwenyewe, akakikaza vizuri shingoni, akampaka mafuta ya karafuu. Walitembea na wanawake wengine mpaka uwanja wa sala, takbira ikipanda na kushuka mbele yao kama mawimbi. Watoto walivaa nguo mpya zinazowawasha. Inamahoro alisimama safu ya nyuma. Mama alipoinama, naye aliinama. Bega la mama liligusa bega lake.

Mama yake mwenyewe alikuwa amekufa zamani. Ilikuwa miaka mingi bega la mtu halijamgusa hivyo.

Alijikaza. Kazi ni kazi.

Baada ya sala, Haji Mansuri alisimama mbele ya watu. Kanzu nyeupe, miwani nyeusi ya Ray-Ban, kisu kirefu mkononi. Fahali wake wa kwanza, mwekundu, alikuwa amelazwa chini, miguu imefungwa.

"Huyu ninamchinja mimi mwenyewe," alisema kwa sauti kubwa. "Nia yangu niliiweka tangu mwezi ulipoandama."

Watu wakamwombea dua.

Haji alivua miwani ili aone vizuri. Inamahoro alisogea, kapu la vitenge begani.

Ndevu za Haji zilikuwa zimechongwa mstari safi. Chini ya taya kulikuwa na kidonda kidogo cha wembe, bado chekundu. Kucha zake zilikuwa fupi, zimepigwa msasa, zinang'aa, na kidole gumba kilikuwa na kovu.

Aligeuza macho. Upande wa pili Alimasi alisimama na kichaka chake, kucha zisizokatwa siku kumi, akingoja zamu yake nyumbani.

Mmoja aliweka nia.

Mwingine alinyoa asubuhi.

Huyu si haji.

*

Nyumbani, Alimasi alimchinja mbuzi wake. Alisema jina la Mungu, akapitisha kisu. Damu ilipoingia mchangani aligeuka upande wa ziwa, akatamka jina la baba yake. Mama Wabiwa alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nyama ikagawanywa kama inavyotakiwa: fungu la nyumba, fungu la jamaa, fungu la wasio nacho. Ini likaingia motoni kwanza. Jirani alifika na bakuli kubwa kuliko kichwa chake. Alikuwa Mama Anastasie, Mkatoliki anayeuza chumvi.

"Anastasie, ulikuya kusali ao kula?" Mama Wabiwa alimtania.

"Mi niko Mukatolika. Lakini tumbo yangu iko ya dini yote!"

Walicheka mpaka wakashikana mikono. Inamahoro alikaa kati yao, akala ini la moto kwa vidole. Kwa muda mdogo alisahau jina lake la uongo na jina lake la kweli. Alikuwa mgeni tu, siku ya Idi, katika nyumba ya watu wema.

Alimasi alifunga fungu moja ndani ya kindoo cheupe, akakaza mfuniko kwa kamba.

"Ya Chérie," alisema. "Nitapita Nundu na boti, nimupatie mbele ya kuvuka. Nyama ya Idi hailale."

Inamahoro alimvuta pembeni, karibu na mpera.

"Alimasi. Leo usiende."

"Ju ya nini?"

"Kaa na mama. Ni sikukuu."

"Dada Mwamini, nilishatoa neno. Muntu aliyelisha bamasikini, nimwache na ngozi inaoza?"

Angemwambia? Kijana angemkimbilia Haji amuulize uso kwa uso, maana alikuwa hajui kuficha. Boti ingebaki, dhahabu ingetafuta njia nyingine, na risasi zingefika Kilembwe zile zile.

Inamahoro aliuachia mkono wake.

Alikwenda ufukoni, kwenye banda la Haji. Ngozi zilikuwa zimekunjwa na kumwagiwa chumvi, nzi wamezifunika. Harufu ilifukuza hata mbwa. Askari gani angezifungua?

"Vitenge, Haji! Vya mke wako!"

"Sitaki. Toka."

Alijikwaa kwa makusudi, akaangukia rundo. Mkono wake ulizama ndani ya mkunjo wa ngozi. Uligusa kitu kigumu. Kidogo, lakini kizito kama dhambi.

Alipoinuka, kidude cha kufuatilia kilibaki mle ndani.

"Pole, Haji. Idi mubaraka."

*

Nyuma ya banda, Thuraya sikioni.

"Mukeke. Ng'ombe yumo ndani ya ngozi."

"Mchungaji?"

"Anajiita Haji Mansuri. Si haji."

"Kovu kwenye kidole gumba?"

"Lipo."

Pumzi ilisikika. "Ni Bertin. Tumemtafuta nchi tatu. Ana silaha daima."

"Anapanda kuelekea Nundu, kisha anavuka. Sikiliza. Dereva ni kijana, hajui kitu. Msimguse."

"Alama?"

Alimwona Alimasi machoni mwake, chini ya mpera, mikono ikikaza kamba ya kindoo.

"Nywele," alisema. "Nyingi kama kichaka. Hakuna mwingine wa namna hiyo."

"Mwenye nywele asiguswe. Nawaambia vijana wetu wa boti sasa. Wakitoka, redio yao inafungwa mpaka kazi iishe."

"Mwenye nywele, Mukeke."

"Nimesikia, Ndagala."

Alirudisha simu kapuni. Moyo ulitulia. Nywele zitamlinda.

Na alikuwa ameambiwa jana tu. Ameambiwa kwa upole, chini ya taa ya sola. *Kisha njo anyowe.*

*

Aliporudi nyumbani, boti ilikuwa imeshaondoka.

Mama Wabiwa alikuwa ameinama uwanjani kwake, anakusanya kitu kwa mkono, taratibu, asiache hata kimoja. Anakiweka juu ya kitambaa cheupe.

Kiti kilikuwa pale. Wembe ulikuwa pale, na kikombe cha maji ya sabuni.

"Mama. Unaokota nini?"

"Nywele ya Alimasi." Mama alicheka kidogo. "Nilimunyowa mwenyewe. Kichwa inangara kama siku nilimuzaa! Amevaa kanzu ya papa yake. Ungemuona, mutoto wangu, ungelia."

Inamahoro alitoa simu kapuni.

Alikuwa anakimbia.

"Mukeke! Mukeke, jibu!"

"Nini?"

"Amenyoa! Kijana amenyoa! Waambie!"

"Redio imefungwa."

"Ifungue!"

"Haifunguki upande wangu, Ndagala. Unajua."

Alijua.

Pikipiki ya TVS ilisimama mbele ya duka, mwenyewe anakula pilau. Inamahoro alichomeka Glock, pingu na darubini kiunoni, akamtupia kapu zima la vitenge, akashika usukani. Barabara ya kaskazini ina mashimo na vumbi jekundu. Aliruka mashimo. Alipita vikundi vya watu wenye nguo mpya, wakimpungia mkono, wakimwambia Idi mubaraka. Kilemba alichofungwa na Mama Wabiwa kilikaza shingoni. Hakikufunguka.

Kabla ya Nundu barabara inapanda kilima, na ziwa linaonekana lote.

Alisimamisha pikipiki. Darubini machoni.

Boti ilikuwa pale. Injini ya Yamaha ikikata maji. Nyuma, mkono kwenye usukani, kijana mwenye kanzu nyeupe, kichwa kinang'aa juani.

Na kutoka nyuma ya mwamba, boti mbili za kijivu.

Inamahoro alitoa Glock. Akapiga juu mara tatu, akavua kilemba, akakipunga kwa nguvu zake zote.

Alimasi aligeuka. Alitazama kilimani. Alikijua kile kilemba, kilikuwa cha mama yake. Uso wake ulifunguka.

Akainua mkono kumsalimu.

Ndipo Bertin alipochomoa bunduki chini ya ngozi na kufyatua. Boti za kijivu zikajibu. Hakukuwa na mwenye nywele mle ndani. Walipiga mwenye bunduki wakamkosa. Walipiga aliyeshika usukani.

Hawakukosa.

Boti ilizunguka yenyewe, ikazunguka tena, kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza.

*

Bertin alijitupa majini. Aliogelea mpaka ufukoni, akatoka anakohoa, kanzu imemganda.

Mwanamke alikuwa ameshuka kilimani, amesimama kati ya mawe. Kichwa wazi. Glock mkononi.

"Piga magoti."

Bertin alimtambua, muuza vitenge. Akatema maji. "Nani aliniuza?"

"Wembe wako."

"Nini?"

"Mwenye kuchinja hanyoi kabla. Hata watoto wa hapa wanajua."

Bertin alimtazama, kisha akacheka kwa uchungu. Inamahoro alimfunga pingu. Kidole kilikuwa kwenye chuma, na chuma kilikuwa tayari, na hakuna ambaye angemuuliza.

Hakufyatua.

Kijana wa boti ya kijivu alimjia mbio, helmeti mkononi, jasho usoni. "Dhahabu yote ipo, mkubwa! Ndani ya ngozi, kama ulivyosema." Kisha akashusha sauti. "Mwenye nywele tulimtafuta. Hakuwemo."

"Najua," Inamahoro alisema.

*

Walimrudisha Alimasi Baraka kwa maji. Wanaume walimwosha, wakamvika sanda. Uwanja uleule uliokuwa na moshi wa nyama ulijaa watu waliokaa chini. Mama Anastasie alilia kwa sauti mpaka akakosa sauti.

Mama Wabiwa hakulia. Alikaa kwenye mkeka, kitambaa cheupe kimefungwa fundo juu ya mapaja yake.

"Kaa, mutoto wangu."

Inamahoro alikaa.

"Jina yako ya kweli ni nani?"

"Inamahoro."

"Eeh." Mama alitikisa kichwa polepole. "Nilijua hauko Mwislamu. Tangu ulianza na miguu. Nikasema, mugeni ni mugeni. Mungu njo alimutuma, atakula Idi na siye."

"Mama, ni mimi niliyewaita wale watu. Niliwaambia wasimguse mwenye nywele. Niliwaambia hivyo. Mwenye nywele."

Mkono wa Mama Wabiwa ulipapasa fundo la kitambaa.

"Na mi njo nilimunyowa," alisema.

Wakatazamana. Kila mmoja alitaka kumtua mwenzake mzigo, na hakuna aliyeweza.

"Nilitaka kuzika hizi nywele nyuma ya nyumba," mama alisema. "Sasa zitaenda naye."

Alimpa mjomba wa Alimasi kile kitambaa, akiweke kaburini. Kisha akavuta sahani iliyokuwa imefunikwa, akaisogeza mbele ya mgeni.

"Kula."

"Mama, siwezi."

"Ni fungu yako. Mutoto yangu njo aliikata na mukono yake. Mugeni hatoke mu nyumba yangu na njaa siku ya Idi. Kula."

Inamahoro alikula. Nyama ilikuwa baridi na mafuta yameganda. Alimeza tonge moja, na jingine, na jingine, mama akimwangalia mpaka sahani ikawa tupu. Katika kazi yake alikuwa amepigwa, amefungwa, ametupwa majini usiku. Hajawahi kufanya jambo gumu kama lile.

Thuraya ilitetemeka.

"Ndagala. Kazi nzuri. Boti yako iko bandarini, inangoja."

"Iache ingoje."

Akazima.

Karibu na mlango kilisimama kindoo cheupe. Vijana wa boti walikiokota majini. Kamba ilikuwa bado imekaza, vile Alimasi alivyoifunga.

"Chérie hajajua," Mama Wabiwa alisema. "Mi sina miguu ya kufika Nundu leo. Wee uko nayo."

Inamahoro alisimama. Alifunga kilemba chake, taratibu, akakikaza shingoni kama alivyofundishwa asubuhi. Alichukua kindoo.

Alipita katikati ya waombolezaji, mgongo wima, uso mkavu, bila kuharakisha hatua. Hakuna ambaye angemdhania kitu. Mwanamke tu, siku ya Idi, anampelekea jamaa fungu lake.

Akashika njia ya Nundu. Hakugeuka nyuma.